Upinde wa Fundi Yahaya

Waipa za kupangusia vioo vya malori hazikuibwa na mwizi wa mjini. Tulizing'oa wenyewe, mimi na Anton na Jilala, madereva watatu wa malori matatu ya Operesheni, nikazitia zote sita kwenye debe na kulifukia nyuma ya jiko langu kule Cheyo, mjini Tabora, chini ya rundo la kuni. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana ninalia kama mtu asiyejua alilolifanya. Niliiba mali ya umma, na katika umri wangu wote sijafanya jambo jema kuliko lile.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, Novemba, mvua zimeanza. Kiangazi chote tulihamisha watu kutoka walikozaliwa kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Tulifika asubuhi, mgambo wakashuka, vyombo vikapakiwa, paa likaezuliwa ili mtu asirudi nyuma, tukaondoka. Sitaki kubishana na mtu juu ya siasa. Shule zilijengwa, visima vikachimbwa, hata wanangu walisoma huko. Mimi nasema tu nilichobeba kwenye lori langu.

Amri ndiyo iliyotupa akili ya kung'oa waipa. Mvua za mwaka uliotangulia, mwenzetu mmoja, Ng'washi, aliendesha bila waipa, amepaka tumbaku kwenye kioo kama tulivyozoea, ili maji yateleze. Mvua ikaiosha tumbaku, Ng'washi akalitumbukiza lori mtoni na kaya tatu juu yake. Baada ya hapo wakubwa wakaandika barua: lori lisilo na waipa lisibebe watu mvua inaponyesha. Na vipuri havikuwapo. Ulijaza fomu, fomu ikaenda Dar es Salaam, ukasubiri mpaka ukasahau uliomba nini.

Kwa hiyo bila waipa, Operesheni ingelala mpaka mwezi wa tano. Na mwezi wa tano mama yangu angekuwa ameshavuna.

Hilo tu ndilo nililolitaka. Mama yangu, Apolinaria, alikaa Itundwe, upande wa Urambo, mwendo wa saa tatu kwa lori. Kifua kilikuwa kinambana tangu Pasaka, akikohoa unadhani mtu anapasua kuni. Lakini nyumba yake haikuvuja hata tone, maana kila mwaka aliiezeka upya na kumsimamia mwezekaji kwa matusi tangu jua linachomoza. Ndani mle, karibu na moto wake, angeweza kuvuka masika. Nilipomwambia Itundwe imo kwenye orodha, aliniuliza huyo Operesheni ni mtoto wa nani.

"Mwambie asubiri nivune," alisema. "Karanga zimeshaota. Nikivuna nitakwenda mwenyewe kwa miguu, asinihangaikie na gari."

"Nitakupatia miezi sita, mayo," nikamjibu, nikimwita kwa Kinyamwezi kama nilivyomwita utotoni.

Msimamizi wetu wa karakana, Bwana Lugembe, alikasirika siku mbili kwa ajili ya zile waipa. Alitupekua mifuko, akamtimua mlinzi kazi, mzee wa watu asiye na hatia, na sisi watatu tukatazama chini. Siku ya tatu hasira zikamwisha, akafanya jambo baya zaidi: akamwita fundi Yahaya.

Yahaya alikuwa na kibaraza karibu na soko, akitengeneza cherehani, miavuli, saa, baiskeli, chochote chenye skrubu. Alikuwa Mzaramo wa Tabora. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akachoka miguu, akaoa hapa, na tangu siku hizo ukoo wao haujatoka. Mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wazee wetu walipita kwao wakibeba pembe kwenda pwani, wakatukanana njiani, wakalishana, wakazikana, na wakaachiana sheria moja: mtani hakasirikiwi. Atakuita mtumwa wake mbele ya mkeo, atachukua kofia yako aondoke nayo, na wewe utacheka. Kukasirika ni aibu yako wewe, si yake.

Mimi na Yahaya tulitukanana miaka kumi na minne bila kupumzika. Sikumbuki hata siku moja niliyomwambia neno lililonyooka. Wala sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitalihitaji.

Lugembe alimpa kipande cha waipa ya zamani iliyovunjika, akamwambia nchi inajitegemea, na kwamba akifaulu jina lake litapelekwa kwenye maonyesho ya Saba Saba pamoja na kifaa chenyewe. Yahaya alikipokea kipande kile kwa mikono miwili. Lori langu ndilo lililochaguliwa la kujaribia. Nilishukuru Mungu, nikijua nitaona kila kitu kwa karibu na nitajua namna ya kuharibu.

Siku ya kwanza alikigeuzageuza kile kipande, akacheka.

"Hebu tazama, mtumwa wangu," aliniambia. "Mkono wa gari, huu unaochezesha waipa, unasukuma hapa katikati. Katikati kuna upinde mkubwa, umebeba vipinde viwili, navyo vimebeba vinne, na kila kimoja kina vidole vya kushika mpira. Kila kiungo kina pini yake, na kila pini imejaa vumbi na kutu. Viungo vyote hivi kushika kipande cha mpira! Hiki si kifaa, huu ni ukoo."

"Basi uige huohuo ukoo," nikamwambia. "Mzungu alikuwa na sababu zake. Wewe mshona miavuli utamzidi nini?"

Nilisema hivyo kwa makusudi, nikijua kuiga kutamshinda. Na kukamshinda kweli. Alitumia fito za mwavuli na pini za misumari, akapoteza siku tatu. Tulipomwaga debe la maji kwenye kioo na kuwasha, kile kidude kilikwenda upande mmoja, kikakwama, kikarudi kimelala chali. Nilicheka mpaka nikashika bodi ya lori. Anton na Jilala nao walicheka. Yahaya alicheka kuliko sisi sote, akaokota vipande vyake, akaondoka.

Alirudi na chuma kimoja. Alikuwa amekikata kwenye msumeno mkongwe wa kiwanda cha mbao, wa kupasulia magogo ya mininga, akausaga meno yote mpaka ukawa utepe wa chuma cha springi, wenye upana wa kidole. Aliukunjia mpira wa tyubu kwa juu, akashona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, mdomo wa mpira ukabaki umechomoza chini. Hapakuwa na kiungo wala pini.

"Vitu viwili tu," alisema. "Chuma na mpira."

Kioo cha lori lile kilikuwa kimebinuka kidogo, na chuma chake kilikuwa kimenyooka. Kikapangusa katikati, ncha mbili zikaelea hewani. Siku iliyofuata akaja amekikunja, kimeinama kuliko kioo chenyewe, ili mkono ukikisukuma katikati ncha nazo zikabe. Hapo nikashtuka, maana ilikuwa akili. Tukamwaga maji. Kikapangusa katikati, kikapangusa kwenye ncha, lakini kati ya katikati na ncha kikaacha mistari miwili mipana ya maji, mmoja kushoto na mmoja kulia, palepale macho ya dereva yanapotazama. Alikikunja zaidi, mistari ikazidi. Alikikunjua, ncha zikainuka. Siku nne alicheza na kile chuma, na Lugembe akaanza kuangalia saa yake tukiwa bado tunamwaga maji.

"Jumamosi," Lugembe akamwambia. "Ikifika Jumamosi hakuna kitu, naandika kwamba kazi imesimama mpaka mvua ziishe."

Ilikuwa Jumatano. Ningenyamaza siku tatu tu, siku tatu za kuufunga mdomo wangu, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa na furaha, na furaha ya mtu anayeona mwenzake anashindwa ni kama pombe ya mtama, haikai tumboni. Nilimwona Yahaya amechuchumaa mbele ya lori, kile chuma mapajani, kofia imelowa, watu wamekusanyika. Nikaona nimmalize.

"Unaijua tabu yako?" nikamwambia kwa sauti ili wote wasikie. "Babu yako alikimbia ngoma ya jando pwani kabla hajafundishwa upinde. Tazama huo! Mnene mwanzo mpaka mwisho kama kiuno cha shangazi yako. Kwetu mtoto wa miaka saba anajua upinde unakondeshwa kuelekea ncha. Katikati unaacha nyama, ncha unazichonga, ndipo wote unainama pamoja. Huo wako unavunjikia njiani, Mzaramo wewe."

Watu waliangua kicheko. Yahaya hakucheka. Alikitazama chuma chake, akapitisha kidole gumba kutoka katikati mpaka ncha, polepole, kisha akarudia. Mtani hanyamazi ukimtukana, na yeye alinyamaza.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kibarazani kwake kabla ya kazi. Alikuwa amekibana chuma kwenye jiliwa, tupa mkononi, akikondesha upande mmoja kwa mikwaruzo mirefu, akiupima kwa kidole, akikondesha tena. Unga wa chuma ulikuwa umetapakaa kwenye kanzu yake. Hapakuwa na mtu mwingine nje. Nilikaa kwenye kigoda chake cha wateja nikamwambia yote, kwa neno lililonyooka, la kwanza kati yetu.

"Yahaya, acha kazi hiyo. Waipa tuliziiba sisi. Ziko kwangu, nyuma ya jiko, chini ya kuni. Tulitaka malori yasiende mpaka watu wavune. Mama yangu yuko Itundwe na kifua chake kibovu. Ukimaliza hicho kitu, wiki ijayo nitaambiwa nikamtoe nyumbani kwake kwenye mvua."

Tupa ilisimama. Alinitazama usoni kwa muda, naukumbuka muda ule mpaka leo, kisha akatupa kichwa nyuma akacheka.

"Mwanne!" alimwita mkewe aliyekuwa ndani. "Njoo usikie, huyu mbeba mizigo kazua mpya! Anasema waipa za serikali kazifukia chini ya kuni!"

"Sitanii," nikasema. "Haki ya mama yangu."

"Mama yako ni mke wangu mdogo, ananipikia kila siku. Msalimie."

Mwanne alitoka na mwiko mkononi, akacheka naye, akanikaribisha uji. Ningeapa kwa nini kingine? Miaka kumi na minne nilikuwa nimeapa kwa mama yake, kwa kaburi la baba yake, kwa macho ya wanangu, na kila kiapo kilikuwa uongo wa utani. Nikafikiri nimpeleke Cheyo nikafukue debe mbele yake. Lakini mkewe alishasikia, barabara ilikuwa na watu, na debe likionekana, mimi na Anton na Jilala tunakwenda jela na Lugembe anapata waipa zake zote sita. Nikafikiri nikiibe na hicho chake. Lakini mtu akishajua namna ya kutengeneza, unaiba nini? Nikanywa uji. Nyuma yangu tupa ikaendelea.

Ijumaa baada ya swala mvua kubwa ilishuka. Yahaya alikuja karakana analowa, kitu chake amekifunga kwenye kitambaa, na ni yeye mwenyewe aliyekifunga kwenye mkono wa gari kwa skrubu moja. Kilikuwa kipande cha chuma kilichoinama, kinene katikati, chembamba kama jani kwenye ncha, kimevaa mpira wa tyubu. Mtoto angeweza kukitengeneza akioneshwa mara moja. Lugembe alipanda akakaa kando yangu.

Nikawasha. Kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Ncha, katikati na kote palipokuwa na ile mistari, kilikaba sawasawa na kuchukua maji yote. Kioo kikawa kama hakipo. Niliona kila jani la mwarobaini upande wa pili wa uwanja. Niliona pia Yahaya, amesimama nje mbele ya lori katika mvua ile, kofia mkononi, mdomo wazi, anaruka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Nipe sita," Lugembe akamwambia kupitia dirishani. Kisha akanigeukia mimi. "Jumatatu, Itundwe."

Kama niliwahi kumchukia binadamu ni siku ile, na aliyekuwa anaruka mbele yangu alikuwa mtu ambaye sheria ilinikataza kumkasirikia. Niliteremka nikampa mkono. Nilimwambia kitu chake kina sura mbaya kama yeye.

Jumatatu nilifikiri kujitia mgonjwa. Lakini dereva mwingine angepewa lori langu, na mama angebebwa na mtu asiyemjua. Tulitoka alfajiri, mvua juu yetu, malori matatu kwa mstari, kila moja na pinde mbili za Yahaya zikicheza kwenye kioo. Tulipofika Itundwe mgambo walianza upande wa mashariki. Nyumba ya mama ilikuwa ya nne.

Alitoka amejifunga kaniki mbili, rozari shingoni, akasimama chini ya mchirizi wa paa lake. Hakunitazama mimi kwanza. Alikitazama kioo cha lori.

"Ulisema gari haliwezi kwenda kwenye mvua."

"Limetengenezwa, mayo."

"Na nani?"

"Fundi mmoja wa mjini."

Akakisogelea. Niliacha injini inaunguruma, na ule upinde ulikuwa unakwenda na kurudi. Aliutazama jinsi unavyokwenda.

"Ana mikono mizuri," alisema. Kisha akaanza kukohoa.

Nilimwomba Lugembe mama akae mbele. Lugembe hakuwa mtu mkatili, nitasema haki yake. Aliniambia kwa upole kwamba mbele kuna yeye na kamanda wa mgambo, na kwamba wakimpandisha mama wa dereva, wazee wengine watasema nini, usawa uko wapi. Nikaomba turubai. Turubai lilikuwa limefunika saruji ya ofisi ya kijiji kipya, na saruji ikilowa imekwisha. Mama aliketi nyuma juu ya kinu chake kilichogeuzwa, kati ya majirani zake, kuku wawili kifuani, mkeka kichwani. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa nyasi. Zilikuwa mpya, za mwaka huohuo. Alinyanyuka akawatukana kwa jinsi wanavyoshika vibaya kamba, na mmoja wao akamwitikia, "Ndiyo, bibi."

Kwa muda wa saa tatu niliendesha nikitazama mbele. Niliona kila shimo, kila mti, kila mfereji uliojaa, na nikavikwepa vyote, hakuna aliyerushwa wala aliyeumia. Ningetamani nisione. Ningetamani ile mistari miwili ya maji irudi, nisimame kando ya njia, niseme siwezi. Lugembe njia nzima alimsifu Yahaya. Alisema hivi ndivyo Mwafrika anavyoweza akiachwa atumie akili yake. Kila alipopumzika kusema nilisikia kikohozi kutoka nyuma, kupitia bati la kibanda cha dereva.

Kijiji kipya kiliitwa Nguvumoja. Kilikuwa pori lililofyekwa, na vigingi vyenye namba. Kigingi cha mama kilikuwa cha thelathini na saba. Nilimsimikia miti minne na kumtandikia mikeka juu, huku Lugembe akipiga honi, maana ilibaki safari ya pili. Moto uligoma kuwaka. Mama aliniambia niende, nisije nikafukuzwa kazi.

"Karanga zangu nani atapalilia?" aliniuliza nilipokuwa napanda lori. Nilimwambia nitatafuta mtu. Nilidanganya, na alijua, akaitikia kwa kichwa kama tunavyofanya kumkubalia mtoto.

Alikufa siku ya tano. Anton ndiye aliyeniletea habari, akiwa ametoka kupeleka kaya nyingine.

Tulimzika palepale Nguvumoja. Alikuwa wa kwanza. Kijiji kilikuwa hakijazaliwa hata mtoto mmoja ndani yake, lakini tayari kilikuwa na kaburi. Mvua ilikuwa imepumzika asubuhi ile, ardhi nyekundu inateleza, katekista amesimama na kitabu chake. Wanawake wa Itundwe walikuwa wanalia kwa sauti zilizochoka. Na Yahaya alikuja. Alipanda lori langu kutoka Tabora, kwa sababu maiti ya Mnyamwezi haizikwi bila mtani, na mtani wa mama yangu aliyekuwa karibu alikuwa yeye.

Nilijua atakachofanya, maana ndiyo kazi ya mtani. Alichimba kaburi na vijana. Akajifunga kaniki ya marehemu, akajikongoja kama yeye, akawatukana wachimbaji kwamba wanashika jembe vibaya, kwa sauti ya mama yangu kabisa, ingawa hakuwahi kumwona zaidi ya mara tatu. Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka. Shangazi yangu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Halafu Yahaya akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali na kanzu yake nyeupe.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Nyumba hii ni yangu! Mnyamwezi asiponipa kuku, mama yake atalala nje!"

Watu walipiga vigelegele. Nikapewa mmoja wa wale kuku wawili wa mama, nikapiga magoti ukingoni nimpe. Hakushika kuku. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Uso wake ulikuwa hauchezi tena.

"Siku ile ulipokuja kibarazani," alinong'ona, "nilijua hutanii. Midomo yako ilikuwa inatetemeka."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Kwa nini basi, Yahaya?"

"Upande mmoja ulikuwa umeshafika ncha. Ulikuwa umebaki mmoja tu." Macho yake yalijaa maji. "Nilitaka nione kama itapangusa, Tobias. Nilitaka nione tu. Ungeniambia jana yake, badala ya kunitukana, ningeacha."

Nilisimama. Sepetu ilikuwa kando yangu, imechomekwa kwenye lundo la udongo. Niliishika, nikachota, nikammwagia kifuani. Watu wakashangilia. Nikachota tena, nikammwagia usoni. Wakashangilia zaidi, shangazi akapiga kelele, "Mzike, mzike Mzaramo!" Nikachota ya tatu, ya nne, udongo mzito wenye maji, nami nilikuwa nalia kwa sauti, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, maana hawajawahi kuona utani uliochezwa vizuri namna ile. Yahaya hakujikinga. Alilala amefumba macho, mikono ubavuni, akingoja. Sijui ningefika wapi kama Anton hangenishika mpini wa sepetu kutoka nyuma, akiwa naye anacheka, na alipoona uso wangu akaacha.

Yahaya akanyanyuka. Alipanda juu akijisaidia kwa viwiko, akatema udongo, akajipangusa macho. Watu walikuwa wanamngoja, kwa sababu mtani akitoka kaburini lazima aseme neno la mwisho, la kuwaruhusu wenye msiba. Alitazama lile shimo, akanitazama mimi.

"Haya, mlazeni," alisema kwa sauti ya wote. "Nyumba nimeikagua. Haivuji."

Watu walicheka, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Na mimi nikacheka. Mama yangu akateremshwa, nami nilikuwa bado nacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi.

Tuliporudi alikaa mbele, kando yangu, tope limemkaukia kwenye kanzu. Mvua ilitukuta nusu ya njia. Nikawasha waipa. Hatukusema neno, wala la utani wala lililonyooka. Yeye hakutazama barabara. Alitazama ule upinde wake unavyokwenda na kurudi, saa nzima, mpaka tukaanza kuona reli ya Tabora.

"Ncha ya kulia inainuka kidogo," akasema. "Nitaipunguza."

Nikamwambia ni kweli, inainuka. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya Itundwe.